Mafundisho ya Kidogo Kidogo

Neno kwa wazazi na walimu, mwaka wa shule ukiisha

Somo: Isaya 28:7-13



Mwezi wa Desemba umefika, na shule zimefungwa. Watoto wetu wamerudi nyumbani, kila mmoja na karatasi yake ya matokeo mkononi. Katika nyumba nyingi swali lililowapokea mlangoni lilikuwa moja: "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto akajibu namba yake, naye mzazi akacheka au akakunja uso, na mazungumzo yakaishia hapo. Ni wachache walioketi na mtoto na kumwuliza, "Je, mwaka huu umejifunza nini?" Leo nataka tulitafakari swali hili la pili, maana naona Neno la Mungu lina jambo la kutuambia juu yake.

Nabii Isaya anatusimulia habari za makuhani na manabii wa siku zake waliokuwa wakiyumbayumba kwa kileo hata mezani pao. Watu hawa walimdhihaki nabii wa Bwana. Walisema kwa maneno yao: Huyu atamfundisha nani? Atatufanya sisi kuwa watoto walioachishwa maziwa juzi? Kila siku maneno yale yale, agizo baada ya agizo, kidogo hapa na kidogo pale! Na katika Kiebrania maneno yao ya dhihaka ni mafupi sana, yanarudiarudia: tsav latsav, kav lakav. Wataalamu wengi wa lugha hiyo huona ya kuwa walevi hao walikuwa wakiigiza darasa la watoto wadogo wanaokariri herufi pamoja na mwalimu wao, kama vile watoto wetu wanavyokariri ba, be, bi, bo, bu. Basi waliudharau ujumbe wa Mungu kwa sababu ulifanana na somo la mtoto. Hawakujua ya kuwa katika somo lile dogo Bwana alikuwa akiwapa raha waliyoikosa, nao hawakutaka kusikia. Mwisho wao tunausoma: walianguka chali, wakavunjika, wakanaswa.

Ndugu zangu, dhambi hii haikufa pamoja na walevi wa Yerusalemu. Sisi nasi hudharau mambo yanayokuja kidogo kidogo. Twapenda mavuno, hatupendi siku nyingi za palizi. Twapenda kusikia ya kuwa mtoto wetu ameshinda, lakini daftari lake lenye herufi zilizopinda hatuna nafasi ya kulitazama. Basi, njoni tulifungue daftari hilo.

Mtoto wa darasa la kwanza aingiapo shuleni mwezi wa Januari, kazi yake ya kwanza siyo kusoma. Hufundishwa kuketi na wenzake, kungoja zamu yake, kushika penseli, na kuvuta mistari: ya kusimama, ya kulala, ya kupinda na ya mviringo. Mpita njia akichungulia dirishani atasema, "Watoto hawa wanacheza." Lakini mistari ile ndiyo mifupa ya herufi. Mstari wa kusimama ukifuatwa na duara, hiyo ni b. Duara likitangulia, hiyo ni d. Na mtoto akizigeuza herufi hizo mbili, baba yake huwa dada! Tazameni jinsi jambo dogo linavyobeba jambo kubwa.

Kisha hufundishwa irabu tano, a, e, i, o, u, kila moja na sauti yake. Hapo lugha yetu ya Kiswahili huwahurumia watoto, kwa kuwa irabu zake hazigeuki-geuki: a ya baba ndiyo a ya kalamu. Baada ya irabu huja konsonanti, nazo huunganishwa: b na a ni ba. Ba mbili zikikaa pamoja, mara mtoto amesoma neno zima, tena neno la mtu anayempenda. Baadaye hufika penye miamba: mb, nd, nj, ch, sh, dh, gh. Hujifunza kwamba sauti ya kwanza ya ng'ombe siyo sauti ya kwanza ya ngoma, ingawa machoni zafanana sana. Na wengi wa watoto wetu hapa mlimani walianza kusema kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo wao hujifunza mambo mawili kwa pamoja, kusema Kiswahili sawasawa na kukisoma.

Katika kuhesabu pia ni vivyo hivyo. Mtoto huja na vijiti au vifuniko vya soda. Huhesabu kimoja kimoja mpaka kumi, kisha vijiti kumi hufungwa kwa kamba kuwa fungu moja. Na mafungu kumi yakikusanywa, hiyo ni mia. Ndipo ajifunzapo siri ambayo watu wazima tumeisahau kuwa ni ya ajabu: kwamba tarakimu ile ile ikihama mahali pake, thamani yake hubadilika. 2 ikiwa peke yake ni mbili. Ikisimama mahali pa makumi ni ishirini. Ikisimama mahali pa mamia ni mia mbili. Na sifuri, ambayo peke yake si kitu, huwalindia wenzake mahali pao wasianguke. Pamoja na hayo hufundishwa kunawa mikono, kufagia uwanja, kutunza mti, kuimba na kucheza bila kugombana. Tena kipo kipindi cha dini.

Haya yote hufanyika katika darasa la kwanza na la pili. Halafu huja darasa la tatu, na hapo mlango hugeuka. Nyuma yake mtoto alijifunza kusoma. Mbele yake yampasa kusoma ili ajifunze. Sayansi, Kiingereza na habari za nchi yake zamngojea zote kitabuni. Yule aliyefika mlangoni bila ufunguo, yaani bila kusoma, huketi nyuma darasani na kunakili maneno ya ubaoni kama mtu achoraye picha za wadudu. Daftari lake limejaa, hata mzazi hudhani anaendelea vizuri. Lakini mwambie asome alichoandika, atainamisha kichwa. Wachungaji huwajua watoto hawa, kwa maana hutufikia katika darasa la kipaimara, na hapo ndipo tunapotambua, kwa huzuni, ya kuwa hawawezi kusoma swali la kwanza la katekisimo.

Je, mtoto huyu alipotelea wapi? Mara nyingi hakupotea kwa siku moja. Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Lakini walisema pia, "Bandu bandu huisha gogo." Mithali hizi mbili zakaa nyumba moja. Mwaka wa masomo katika Tanzania hupangwa kuwa wa siku 194. Ukimzuia mtoto siku moja tu kila juma, kwa kuwa ni siku ya gulio na mama anahitaji mtu wa kubaki na mdogo wake, au kwa kuwa kahawa imeiva na mikono ni michache, au kwa kuwa ng'ombe hawana majani, wewe wasema, "Siku moja si kitu." Haya, uhesabu kama mtoto wa darasa la pili. Siku moja katika kila siku tano ni karibu siku 39 kwa mwaka. Na kwa miaka mitano umembandua mtoto wako mwaka mzima, bila kusikia hata sauti ya shoka.

Tena siku ile aliyoikosa huenda ndiyo siku waliyofundishwa makumi. Juma lijalo mwalimu anafundisha mamia, naye mtoto wako hana pa kuyasimamisha. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya kila mmoja. Serikali yetu imeondoa ada katika shule zake za msingi, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini ada haikuwa ukuta pekee. Ukuta mwingine twaujenga wenyewe, tofali moja kwa juma.

Sasa, ndugu zangu, nisiwahubirie ninyi tu na kujisahau mwenyewe. Mwaka jana, mwezi kama huu, mjukuu wangu wa darasa la pili alileta karatasi yake. Nyumbani palikuwa na wageni. Nikaitazama, nikaona ya kuwa amekuwa wa 41 katika watoto 53. Nikasema mbele ya wageni wote, "Arobaini na moja! Kumbe ndizi za bibi yako umezila bure mwaka mzima!" Wageni wakacheka. Mtoto hakusema neno. Alitoka nje, akaenda kukata majani ya ng'ombe bila kutumwa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Majilio, nasi tuliketi pamoja kanisani, maana siku hiyo sikuwa na zamu ya kuongoza ibada. Miwani yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani. Namba za nyimbo zilikuwa zimewekwa ubaoni mbele kama ilivyo desturi yetu, nami nilikaza macho nisizione. Mjukuu wangu akakichukua kitabu mikononi mwangu. Akanong'ona, "Mia moja ishirini na sita." Akafunua, akapita mia, akarudi nyuma kidogo, akaipata. Akaweka kidole chake chini ya mstari wa kwanza, akaanza kunisomea silabi kwa silabi. Kusanyiko lote lilimaliza ubeti, na yeye alikuwa bado katika mstari wa pili. Lakini uso wake uling'aa.

Ndipo nikakumbuka. Mwezi wa Januari mwaka ule ule mtoto huyu alikuwa akiitazama namba kama ile na kusema, "Moja, mbili, sita," kana kwamba ni watu watatu wasiojuana. Na herufi alizijua, lakini hakuweza kuziunganisha. Kati ya Januari ile na Jumapili ile zilipita siku nyingi za mwalimu mwenye chaki na subira, na siku nyingi za mtoto aliyeamka gizani, akanawa uso kwa maji ya baridi. Mungu alikuwa ametenda jambo jema nyumbani mwangu kidogo kidogo, nami nilikuwa nimelidhihaki kama wale makuhani walevi; tena mimi sikuwa na udhuru wa kileo.

Tulipokuwa njiani kurudi nikamwambia, "Mjukuu wangu, siku ile mbele ya wageni nilikukosea. Unisamehe." Alitembea kwanza kimya. Kisha akasema, "Babu, ile mbili ya katikati ni makumi. Ndiyo maana siyo mbili." Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, nami nililipokea kama msamaha.

Wapendwa, sheria ya Mungu imetukuta na kutuhukumu. Lakini sisikii sheria tu katika jambo hili. Nasikia Injili pia, tena kubwa. Mungu wetu ndiye Mwalimu asiyechoka na mafundisho ya kidogo kidogo. Mwinjilisti Luka anatuambia katika sura ya 2:52 ya kuwa Yesu alizidi kukua, katika hekima na katika kimo. Fikirini neno hilo! Yeye ambaye kwa yeye vitu vyote viliumbwa alikubali kuzidi, yaani kuanza na kidogo na kuongezewa. Tena katika sura ya 4 twasoma jinsi alivyosimama katika sinagogi la Nazareti na kusoma chuo cha huyo huyo nabii Isaya. Aliyesoma alikuwa amejifunza kusoma. Basi Mwokozi wetu aliipitia njia ya mtoto, na kwa kuipitia ameitakasa. Mtoto wako anapopigana na herufi zake, hayuko katika njia ambayo Bwana haijui.

Tukumbuke pia yule kipofu wa Bethsaida katika Marko 8. Bwana alimtemea mate ya macho, akaweka mikono yake juu yake, akamwuliza anaona nini. Yule mtu akajibu kwa kweli: aliona watu, lakini walionekana kama miti inayotembea. Je, Bwana alimcheka? Je, alimwambia, "Wenzako wameponywa mara moja, na wewe umekuwa wa mwisho"? La! Aliweka mikono yake tena, na mtu yule akaona vyote waziwazi. Kuona nusu hakukuwa aibu mbele ya Yesu. Kulikuwa nusu ya kazi yake mwenyewe, naye haachi kazi yake njiani. Mtoto ambaye kwake herufi bado ni miti inayotembea anahitaji mikono iwekwe tena. Anahitaji mwalimu wa kurudia. Anahitaji mzazi wa kungoja. Na sisi sote tunaozishika Amri za Mungu nusu nusu, tunaosali huku mawazo yamekwenda sokoni, sisi nasi twaishi kwa sababu Bwana yu tayari kutuwekea mikono tena. Siku ya ubatizo wetu hakutupa namba ya nafasi. Alituita kwa majina yetu.

Baba yetu Martin Luther aliyajua haya. Mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule na kuzitunza. Mwaka 1530 aliandika tena hotuba ndefu ya kuwahimiza wazazi wasiwatoe watoto wao shuleni, kwa kuwa wengi siku hizo walitaka watoto wa kuchuma fedha upesi. Mnaona ya kuwa gulio letu ni la zamani! Na alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya sehemu zake ya kuwa mkuu wa nyumba awafundishe hayo watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Hakusema mwalimu peke yake, wala mchungaji peke yake, bali mkuu wa nyumba. Naye Luther mwenyewe, aliyekuwa daktari wa theolojia, alikiri katika utangulizi wa Katekisimo Kubwa ya kuwa bado husoma na kukariri sehemu hizo kila siku kama mtoto, na ya kuwa anapenda kubaki mwanafunzi wake. Kama yeye hakuona haya kuwa mwanafunzi wa kidogo kidogo, sisi tu nani?

Hapa kwetu Kilimanjaro wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, Injili na herufi ziliingia kwa mlango mmoja. Baba zetu waliketi chini na kuandika juu ya vibao, wakajifunza a na e, ili wapate kujisomea Neno wenyewe. Ni kweli kwamba baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za msingi za makanisa ziliingia mikononi mwa Serikali. Lakini wazee wa kanisa wasiseme, "Shule siyo kazi yetu tena." Majengo yalihama, watoto hawakuhama. Bado ni watoto wa madhabahu yetu. Kipindi cha dini kinatungojea. Je, usharika wako humpeleka mwalimu katika kipindi hicho, au watoto huketi bure?

Basi, nitoe shauri langu, nalo ni dogo. Wewe baba, jioni mtoto akirudi, mwite na daftari lake. Mwulize, "Leo mmefundishwa nini?" Kisha mwambie, "Nisomee." Kama hujui kusoma, usione haya, masikio yako yatosha. Mtoto anayesomea masikio yanayompenda husoma mara mbili. Nawe mama, siku ya gulio omba msaada kwa jirani, lakini usimbandue mtoto wako. Nawe mwalimu, unayerudia ba na be mpaka sauti yako inakauka, usidhani ya kuwa kazi yako ni ndogo. Isaya alidhihakiwa kwa kazi kama hiyo, na kumbe ilikuwa kazi ya Mungu. Nanyi wazee wa kanisa, Januari itakapofika mwiteni kila Jumapili mtoto mmoja wa shule asome namba za nyimbo mbele ya usharika, hata akisoma polepole. Tutamngoja.

Na ninyi watoto, mliokuwa wa kwanza na mliokuwa wa 41, yafungueni madaftari yenu ya Januari iliyopita. Yatazameni, kisha mtazame ya mwezi huu. Njia yote iliyo kati yake mmetembea na Bwana. Mshukuruni, nanyi mpumzike, na mwaka mpya mwende tena.

Tuombe: Ee Bwana Yesu Kristo, uliyekubali kuwa mtoto na kukua katika hekima, utusamehe kwa kuwa tumeyadharau mambo madogo na kuwaaibisha wadogo wako. Uwabariki watoto wetu na walimu wao. Walio wepesi uwape unyenyekevu. Walio wazito uwawekee mikono yako tena, mpaka waone waziwazi. Nasi wakubwa utufanye wanafunzi wako, tukipokea neno lako kidogo kidogo, siku kwa siku, hata siku ile tutakapokujua kama ulivyo. Amin.